Herufi Sitini za Mti

Kwenye ukurasa wa arobaini herufi a ziliisha. Fundi hakushangaa, miaka ishirini ya kupanga herufi kwa mkono ilikuwa imemfundisha kwamba visanduku vile vya herufi za risasi vilijazwa na watu wasiojua jinsi Kiswahili kinavyokula a.

"Tuagize nyingine," alisema kaka yake, mwenye kiwanda.

"Zije lini, kaka? Mwalimu anakuja Ijumaa."

Akashika patasi. Siku tatu akachonga a sitini za mti, kila moja ikitazama kinyume ili ikichapwa isomeke sawa. Kaka, asiyependa kupitwa, akachonga moja. Akasahau kuigeuza, na katika haraka ikapenya kati ya wenzake.

Ijumaa Mwalimu mstaafu akaja kukagua kitabu chake, historia ya maandishi tangu michoro ya mawe hadi herufi za chuma. Wachapaji wawili alishawanyang'anya kazi hiyo kwa makosa madogo tu. "Ukitaja mti, tumekwisha," kaka alimnong'oneza fundi.

Mwalimu akainama na kioo chake cha kukuzia. "Hii a imenuna? Imewapa wenzake mgongo!"

"Mashine hiyo, Mwalimu," kaka akadakia.

Fundi akahisi damu inamchemka. Kazi ya mikono iitwe ya mashine? Potelea mbali!

"Si mashine. Hiyo kachonga kaka. Nyingine sitini nimechonga mimi."

Kaka akamkata jicho. Mwalimu akausogeza ukurasa dirishani, akatafuta, akatafuta tena.

"Zipi?"

"Hii. Na hii. Na hizi zote hapa." Alikuwa anajivuna, wala hakujificha.

Mwalimu akatoa kalamu nyekundu. Kaka akafumba macho. Lakini Mwalimu alifungua ukurasa wa mwisho, akaikata sentensi moja: *Herufi tunazochapia zote tumezipokea kutoka kwa wengine.*

"Nilikuwa nimedanganya watu," akasema. "Jina lako nani, mwanangu? Lote."

Fundi akamtajia lake, la baba na la babu. Mwalimu akaliandika mahali pa sentensi iliyokatwa: nyingine zimechongwa hapa, kwa mkono wake. Kisha fundi akasogea kwenye visanduku akaupanga mstari huo mpya mwenyewe. Alipofika kwenye jina, kila penye a akatia ya mti.