Netiweki Iko kwa Efraimu

Mwaka ule wa 2004 netiweki ilipanda Kirua Vunjo kwa miguu, ikachoka njiani, ikakaa nyuma ya zizi la Efraimu. Haikusogea tena. Mimi mwenyewe nilipanda juu ya paa la kanisa na simu ya Dominika, na nilichoambulia ni popo wawili wakimsengenya mchungaji.

Dominika ni jirani yangu, hajui kusoma. Mjukuu wake Primus, miaka minne, alikuwa hajasimama bado. Kila wiki bibi yake huyo alimbeba mgongoni hadi stendi, kisha Moshi kwa mazoezi, mpaka mgongo ukamkatalia. Ofisi ya mazoezi huko mjini ikampa simu: kila Alhamisi saa kumi Anisha, mtaalamu wao wa viungo, angempigia amwelekeze. Wema mkubwa. Hakuna aliyeuliza kama simu italia.

Jumatano, nikipita na simu hiyo karibu na zizi, ujumbe ukaingia. Nikaenda kumsomea: "Umekosa simu mbili. Ukikosa ya tatu, nafasi atapewa mtoto mwingine."

Akakaa chini kama gunia lililofunguliwa.

"Kwa Efraimu sikanyagi."

Miaka tisa nyuma Efraimu aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda upya hatua tatu ndani ya kihamba cha Dominika, shamba lake la migomba. Tangu hapo hawakuulizana hata habari za asubuhi.

Alhamisi Dominika akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akambeba mtoto. Kwetu, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kulikataa ni kujitafutia laana. Tulipanda tukipumzika kila baada ya migomba kumi.

Efraimu akalitazama lile jani.

"Dominika, unaniomba msamaha wa nini? Aliyeng'oa ni mimi."

"Najua, meku," akasema, akimwita mzee kwa Kichagga. "Lakini netiweki iko kwako."

Akalipokea. Angefanyaje?

Simu ikalia. Dominika akamlaza Primus kwenye nyasi, mkono mmoja gotini, wa pili kwenye kisigino. Wa kushika simu haukuwepo. Akanitazama, nilikuwa nimelala chali nikitafuta pumzi. Efraimu akaichukua, akaibana sikioni.

"Anasema kunja polepole. Nyoosha. Usimvute kama ndama. Hilo la ndama nimeongeza mimi."

Primus akalia, kisha akachoka hata kulia. Nusu saa ikapita, jasho likimtoka Efraimu kana kwamba anayekunjwa ni yeye.

"Anauliza Alhamisi ijayo nani atashika simu."

"Mjibu."

"Saa kumi nakata majani ya ng'ombe, Dominika!"

"Mwambie yeye. Simu unayo wewe."

Efraimu akaisogeza simu kidogo kutoka sikioni, tukasikia sauti ya Anisha ikiita, nyembamba kama ya mbu: "Baba? Baba, upo?"

"Nipo," akasema, huku akiketi taratibu kwenye nyasi. "Andika Efraimu."