Mshauri Kutoka Oyugis

Mlango ulisukumwa bila hodi, na bibi kizee ambaye Rispa hakuwahi kumwona akaingia, fimbo mbele, akaketi kwenye kiti cha tatu kana kwamba kiti hicho kilikuwa kikimngoja yeye tangu asubuhi.

Maroa, aliyekuwa ameketi na mkewe Bhoke, aliinuka nusu. "Ni shangazi yangu, madam. Anaitwa Gati. Yeye ndiye alinilea. Nilimwita asikie na masikio yake."

"Karibu, mama," Rispa alisema. "Kabla hatujaendelea, lazima nikwambie nilichowaambia hawa siku ya kwanza. Yanayosemwa humu hubaki humu. Isipokuwa nikisikia mtu anataka kujiua, au kuua, au mtoto ataumizwa. Hapo sheria..."

"Hiyo tulisikia." Maroa alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Na yeye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Endelea, madam."

Rispa akaendelea.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, na siku nzima mabati yalikatwa upande wa pili wa ukuta. Kanisa ndilo lililompa chumba hicho, awape watu ushauri wa ndoa na familia. Kila asubuhi alifuta viti, akavipanga mwenyewe. Kiti cha mke alikiweka karibu na mlango, ili mwanamke akitaka kutoka asilazimike kupita mbele ya magoti ya mume. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Waliketi tu, wakaanza kulaumiana.

Maroa na Bhoke walikuwa Wakuria. Maroa aliuza mafahali kwenye mnada wa Ogwedhi. Bhoke alilalamika kwamba mambo ya nyumba yaliamuliwa huko huko mnadani, yeye akaletewa majibu. Siku ya kwanza Maroa alimuuliza Rispa, "Wewe ni wa wapi, madam?"

"Oyugis," Rispa alijibu, na mabega ya Maroa yakalegea. Watu wa Migori walipenda kumwaga siri zao mbele ya mtu wa kabila lingine. Siri iliyosemwa kwa Kiswahili mbele ya Mjaluo haikufika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Na Oyugis haikuwa uongo. Ndiko marehemu mumewe, mwalimu, alikozikwa. Kutoka kwake Rispa alipata jina la ukoo na lafudhi. Lakini alizaliwa karibu na Kehancha, akaitwa Robi, na lugha aliyonyonya nayo ilikuwa Kikuria. Alikusudia kuwaambia. Alipoona yale mabega yakilegea, aliahirisha. Kila walipokuja aliahirisha tena.

Gati alimkagua kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akamgeukia Maroa kwa Kikuria.

"Huyu ndiye mnamletea mambo ya nyumba yetu? Mjaluo mwenye shingo ya kuku aliyenyeshewa?"

Maroa alificha kicheko ndani ya kikohozi. Rispa aliendelea kutabasamu tabasamu lake la kazi.

"Sasa sikiliza," Gati aliendelea kwa Kikuria, kwa sauti ya mtu anayepanga bei ya mbuzi. "Yule binti yenu Liz ameshahesabiwa pamoja na wenzake. Alhamisi navuka naye mpaka. Upande wa Tanzania hakuna atakayetuuliza. Mwambie mke wako aache kumlilia Mjaluo."

Bhoke alijibu polepole, kwa lugha hiyo hiyo. "Mtoto yuko Gredi ya Saba. Nilisema asikatwe. Nilisema tangu azaliwe."

"Ulisema kwa nani? Wa rika lake warudi na shuka mabegani wakiimbiwa barabarani, yeye abaki akiitwa jina lile la matusi?"

"Shangazi, ishakwisha hiyo," Maroa alisema. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, uso mkavu. "Samahani, madam. Tunaongea tu mambo ya ng'ombe."

"Hakuna neno," Rispa alisema.

Hakuhitaji kuelezwa Alhamisi ilimaanisha nini. Mwili wake ulijua. Uliwahi kupelekwa alfajiri moja, ukarudi ukiimbiwa.

Nyuma ya kiti chake palikuwa na stuli yenye chupa ya chai. Gati alinyoosha fimbo ili ainuke, ncha yake ikagonga stuli. "Hiyo chupa inaanguka," alisema kwa Kikuria, bila kumwambia mtu yeyote.

Rispa, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma akaidaka.

Gati alikuwa tayari mlangoni. Maroa alikuwa akitafuta simu yake. Bhoke peke yake ndiye aliyeutazama ule mkono.

Waliondoka wote, lakini Bhoke alirudi muda mfupi baadaye. Alisingizia leso aliyoisahau makusudi kitini.

"Umesikia," alisema kwa Kikuria.

"Nimesikia."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Bhoke aliikunja leso hadi ikawa ndogo kama mkate. "Kumbe tulikuwa tukivua nguo mbele yako, na wewe umekaa tu."

"Ni kweli," Rispa alisema.

"Basi fanya kazi yako," Bhoke alisema. "Lakini wasiseme ni mimi. Wakisema nimetoa maneno nje ya boma, nitafukuzwa, na wale wadogo watabaki mikononi mwa Gati. Na popote ukinikuta, usinitazame. Uso wangu hauwezi kuficha kitu. Ukinitazama tu, nimekwisha. Niahidi."

"Nakuahidi."

Rispa alibaki peke yake na kelele za mabati. Sheria ilimtaka aseme. Lakini nani angemshtaki? Mjaluo hakusikia kitu. Waliongea mambo ya ng'ombe. Angeweza kwenda nyumbani akapika. Alikaa mpaka chai ndani ya chupa ikapoa, kisha akafunga mlango, akaenda kwa afisa wa watoto.

"Jina lako halitatoka kwangu," alisema Lynnet, yule afisa. "Sheria inakulinda."

Jumatano polisi walifika bomani. Liz alipelekwa kwenye nyumba ya hifadhi Homa Bay. Lynnet alimsimulia Rispa baadaye, akimwonyesha mikwaruzo shingoni. Mtoto hakushukuru. Alipiga kelele njia nzima, akisema wenzake wote walikuwa wakienda, shuka lake lilikuwa limeshanunuliwa, na mtu aliyemfanyia hivi afe. Maroa alilala rumande, akatoka kwa dhamana, akaenda moja kwa moja kwa wazee.

Habari za huko zililetwa na Pasta Monari, Mkisii mpole aliyesimamia kile chumba kwa niaba ya kanisa.

"Jumapili wazee wanamkalia kikao yule mama, Bhoke," alisema. "Wanasema walioujua mpango walikuwa watatu. Gati hakusema, Maroa hakusema. Amebaki nani?"

"Nimebaki mimi, Pasta. Nasikia Kikuria. Ni changu."

Monari aliketi. Kwa bahati mbaya aliketi kwenye kiti cha mke, akasumbuka na ukaribu wa mlango, akakisogeza.

"Dada Rispa. Umeshafanya ulilotakiwa. Mtoto yuko salama. Nyamaza sasa."

"Na Bhoke?"

"Tutamwombea. Lakini fikiria. Watu wanakuja hapa kwa sababu wewe si wa kwao. Mkuria akijua ulikuwa unamsikia, Mkisii naye atajiuliza unasikia nini. Nitamleta nani tena hapa?" Alisugua magoti yake. "Ukienda kule, niachie ufunguo. Sisemi kwa ubaya."

Rispa aliutoa ufunguo kwenye pete yake. Ulimpa taabu, kucha ikavunjika. Akauweka juu ya stuli, karibu na chupa.

Jumapili wanaume walikuwa wameketi uani kwa Maroa, Gati katikati yao, kitu ambacho wanawake wengine hawakuruhusiwa. Bhoke alikuwa kando ya jiko la nje, chini, mahali palipokuwa mbali kuliko pote na lango. Rispa aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine. Kisha akaondoa macho yake, asiyarudishe tena.

"Madam!" Maroa alishtuka. "Hapa si pa..."

"Mimi ni Robi," alisema kwa Kikuria, "binti ya Mwita wa kule Kehancha. Siku ile niliwasikia. Maneno niliyapeleka mimi. Sikutumwa na mtu."

Wanaume waligeuka kumtazama Gati.

"Robi," Gati alisema hatimaye. "Kwa hiyo hata ile ya shingo ya kuku uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

Mzee mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Vizuri." Gati alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea salamu. "Ataanza kuzoea. Kuanzia kesho hakuna atakayempa moto wala kumtekea maji. Akifa, wewe na hao polisi wako mtachimba kaburi. Maroa, tuma mtu Kehancha leo."

Akilini Rispa alimwona mama yake akienda mtoni na mtungi, wanawake wakihama upande wa pili wa njia.

"Bhoke," Gati aliita. "Mgeni amesimama tu. Mletee chai."

Bhoke aliinuka. Rispa alisikia birika likitolewa motoni, kisha nyayo zikija juu ya vumbi. Hakusikia mlio wa kikombe.

"Mpe mahali anapostahili," Gati alisema. "Tukuone uko upande gani."

Nyayo zilisimama mbele yake. Rispa aliyakaza macho yake kwenye kifuniko cha birika, kilichokuwa na pembe iliyobonyea, mvuke ukitoka pale. Kilikuwa kinatetemeka. Kilitetemeka kiasi kwamba alitamani kukishika, kama alivyoidaka ile chupa.

Birika liliinama.

Chai ilimwagikia viatu vyake vya wazi, mguu mmoja, kisha wa pili, polepole, mpaka majani ya chai yakaanza kutoka. Hakuinua macho. Alisubiri tone la mwisho, akageuka, akatembea kuelekea lango, akiacha nyayo zenye maji kwenye vumbi. Nyuma yake mtu fulani alianza kulia, mara akakatiza kilio kwa kikohozi, na Rispa akaendelea kutembea.