Sauti Kwenye Valvu ya Bondeni

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, fundi wa pampu alizima mota na kulegeza boliti nane za valvu inayopeleka maji bondeni. Vipuri alivipanga juu ya kitambaa kama vilivyotoka: mfuniko, springi, mpira, chujio. Ndivyo marehemu baba yake, fundi wa hapo hapo, alivyomfunza. Anayepanga ovyo, alisema mzee, hurudishia kwa machozi.

Bomba la bondeni likikauka hufyonza hewa kupitia mabomba ya majumbani, na sauti za watu humo humo. Sauti hizo hunasa valvuni pamoja na mchanga. Siku hiyo brashi ya kusafishia ilitoa kwanza manung'uniko ya wiki iliyopita. Ilibaki pembe moja ambayo baba alikuwa akiiruka, akidai brashi haifiki. Brashi ilifika. Gamba la chokaa likabanduka, na ndani yake msichana akaimba akingoja maji.

Alikuwa mama yake, kabla sauti haijakwaruza. Wimbo wenyewe ndio baba aliorudi nao nyumbani Jumatatu hizo, akiuimba chini chini huku akinawa grisi. Fundi alimkumbuka baba.

Msimamizi wa pampu akachungulia. "Bado tu?"

"Bosi, leo niufungue usukani mizunguko yote kumi na miwili. Mama yuko bondeni, ana miaka sabini, bado anabeba ndoo."

"Minne, mwanangu, kama enzi za baba yako. Huku juu kuna bustani na mabwawa ya kuogelea. Bondeni wameshazoea."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hebu msikilize."

Msimamizi alisikiliza gamba kwa adabu mpaka ubeti ukaisha.

"Anaimba vizuri," alisema. "Minne." Akatia kufuli kwenye usukani wa valvu, akaondoka na ufunguo.

Jioni fundi alimpelekea mama yake gamba hilo ndani ya leso. Mama alilitega sikioni, akatabasamu.

"Nilikuwa na sauti, jamani! Umeitoa wapi?"

"Valvuni. Baba aliitunza."

"Siku ya kwanza baba yako aliniambia alipotea njia tu, ndipo akatokea mlangoni kwetu." Tabasamu likapungua. "Kumbe alikuwa akinisikia."

"Ndiyo, mama."

"Hata baada ya kunioa? Nikingoja maji, na valvu iko mikononi mwake?"

"Kila mwezi."

Mama alikunja leso taratibu, akamrudishia. Kisha akachukua ndoo akatoka, kwa sababu foleni ya kisimani ilikuwa imeanza kusogea.