Nakala ya Pili

Kwa wiki tano mfululizo kompyuta ya Mwalimu Nzilani ilimwambia jambo lile lile: kazi ya kunakili iliyopangwa haikufanyika. Wiki ya kwanza aliyasoma maneno hayo akayapuuza. Ya pili akadhani ni stima, maana stima ya Sultan Hamud ilikuwa ikipotea hovyo tangu mvua kubwa za mwaka huo. Ilipofika ya tano akaanza kuogopa, kwa sababu ndani ya mashine ile walikuwamo wanawake arobaini na watatu, na kumi na tisa kati yao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Walikuwa wanawake wa kanisa lake, wale wa kwanza kujua kusoma katika vijiji vya kuanzia Malili hadi Ikutha. Nzilani alipostaafu ualimu mkuu mwaka wa 1993, aliwafuata mmoja mmoja na daftari, akaandika walivyosimulia wenyewe: nani aliwafundisha, nani aliwakataza, walikificha wapi kitabu. Mwanawe Muli, kabla ya kwenda Kanada, alimnunulia kompyuta kuukuu kwenye duka moja la Kitui, akamfundisha kupiga chapa, kisha akaipanga ijinakilie kazi yote kwenye disketi mbili kila Alhamisi saa kumi alasiri.

"Wewe utakaa tu hapo, Mama," Muli alimwambia. "Ikimaliza disketi ya kwanza itaomba ya pili. Unaitia, basi."

Hayo yalikuwa miaka miwili iliyopita. Siku hizi Muli alipiga simu Krismasi, na mwaka mwingine Pasaka pia.

Ubavuni mwa kompyuta kulikuwa na karatasi ya gundi yenye namba ya simu ya duka. Jumatatu moja asubuhi Nzilani aliivuta simu ya mezani hadi waya ukakaza, akaiweka karibu na kibodi, akapiga.

"Haloo," ilisema sauti ya kike, nzito, ya Kiswahili cha watu wa pwani. "Tumu hapa."

"Haloo. Mimi ni Mwalimu Nzilani, niko Sultan Hamud. Niko na kompyuta yenu hapa. Imekataa kunakili."

"Haya, Mwalimu, tuitazame. Pale chini pembeni mwa kioo pana saa. Yasemaje?"

Nzilani aliinamisha miwani. "Inasema saa saba na dakika kumi za usiku. Na huku jua limetoka kitambo."

"Sasa upeleke ule mshale juu ya saa, usibonyeze. Ungoje kidogo."

Alingoja. Tarehe ikachomoza. "Aiya! Inasema ni tarehe moja Januari, mwaka wa 1980!"

Tumu alicheka, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Na tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Wewe huizima kila jioni, sivyo? Basi kila asubuhi yaamka Jumanne ile ile. Haijapata kuiona Alhamisi, masikini."

Nzilani naye alicheka, akashtuka kusikia kicheko chake chumbani.

Tatizo lilikuwa betri ndogo ya ndani, ile inayoiwezesha mashine kukumbuka saa hata ikizimwa. Siku ya pili yake Nzilani aliinunua kwa fundi wa saa karibu na stesheni ya reli, akaitafuta bisibisi ya marehemu mumewe Musembi, akapiga simu tena. Tumu alimwongoza hatua kwa hatua. Chomoa waya wa stima. Gusa chuma kabla hujatia mkono. Ile ya zamani usiing'oe kwa nguvu, pana kishikizo, kisukume tu. Nzilani alirudia kila neno kwa sauti, kama alivyozoea kuwataka watoto wa darasa la kwanza warudie, na Tumu akawa anamwitikia "naam, naam" mpaka kifuniko kikarudi mahali pake na tarehe sahihi ikaingizwa.

Alhamisi saa kumi kamili mashine ilianza kunguruma yenyewe. Nzilani alikuwa ameketi mbele yake tangu saa tisa na nusu, amevaa sweta yake nzuri. Ilimaliza disketi ya kwanza, ikaomba ya pili, akaitia. Kisha ikatoa ujumbe mpya: imemaliza, lakini faili moja imerukwa kwa sababu inatumika.

Alipiga simu pale pale.

"Umeacha kitu kimefunguliwa," Tumu alisema. "Hiyo programu yaogopa kunakili kitu mtu anachoandika. Tazama, kuna faili ipo wazi?"

Nzilani alijua bila kutazama. "Iko. Inaitwa Kavata."

"Basi kila Alhamisi kabla ya saa kumi uifunge."

Nzilani alikitazama kioo mpaka Tumu akauliza kama simu imekatika.

"Niko," alisema Nzilani. "Si kwamba ninaiandika. Nilimaliza kuiandika zamani. Ninaiacha tu hapo."

"Unaiacha?"

"Kutoka asubuhi mpaka nizime. Kavata alikuwa jirani yangu. Alijifunza kusoma kwa karatasi zilizofungiwa sukari, mtu mzima na watoto watatu. Miaka ishirini na miwili alikuwa anapita hapo kwa ua kila jioni tunakunywa chai. Alikufa mwaka jana, mwezi wa saba." Alivuta pumzi. "Nikiwa jikoni ninaona kioo kimewaka na maneno yake yako pale. Nimezoea akiwa hapo, ni hivyo tu."

Duka la Kitui lilisikika kwa mbali: mtu akiuliza karatasi, taipureta ikigonga.

"Hatapotea ukimfunga, Mwalimu," Tumu alisema polepole. "Mfunge dakika kumi tu anakiliwe. Kisha umfungue tena."

Akamfunga. Kioo kikabaki na rangi yake ya buluu, kitupu. Nzilani aliagiza kazi irudiwe, na dakika zile alizitumia kutazama mikono yake. Safari hii hapakuwa na kilichorukwa.

"Hongera!" Tumu alisema. "Andika tarehe kwenye disketi. Na wiki ijayo utie nyingine mbili mpya. Hizi za leo uzipeleke nyumba nyingine. Maana zote zikikaa hapo na moto ukashika, au mwizi akaingia, ni kama hukunakili kitu. Mpe mtu wako wa karibu akuwekee."

"Haya," alisema Nzilani. "Nimesikia. Mungu akubariki."

Aliweka simu chini, disketi mbili mkononi, akajaribu kufikiri ni nyumba gani hiyo nyingine.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini ofisi yake ilivuja, na mwaka huo hata kitabu cha ubatizo kilikuwa kimelowa. Dada yake wa Malili alizikwa mwaka wa 1991. Walimu wenzake wa zamani walikuwa wamerudi makwao, mmoja Mbooni, mmoja Mutomo, na barua zao zilikuwa zimepungua mpaka zikakoma bila mtu kumkosea mwenzake. Muli alikuwa amehama nyumba mara tatu huko Kanada. Barua ya mwisho aliyomwandikia ilirudi na muhuri mwekundu wa posta. Aliyebaki ni Kavata. Ndiye ambaye angepewa bila hata kuulizwa, angezitia kwenye sanduku lake la nguo. Na sasa nyumba ya Kavata ilikuwa na wapangaji, watu wapole waliomsalimia juu ya ua wakaingia ndani.

Alizifunga disketi kwa leso, akaziweka mezani.

Alhamisi iliyofuata mashine ilinakili bila kosa. Iliyofuata pia. Nzilani aliketi na sweta yake, akatia disketi ya pili ilipoombwa, na saa kumi na robo kila kitu kilikuwa kimekwisha, simu iko pale, na hana la kuuliza.

Alhamisi ya tatu alikitoa kijitabu cha ile programu, akafungua nyuma kwenye orodha ya makosa, akachagua moja. Akapiga simu.

"Tumu, ni mimi. Imekataa tena. Inasema mkanda haujapatikana."

"Mkanda?"

"Ndiyo. Kosa namba kumi na nne."

"Mwalimu," Tumu alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "hilo ni kosa la mashine zinazonakili kwenye mkanda. Yako haina mkanda. Haiwezi kukwambia hivyo."

Miaka thelathini na minne Nzilani alikuwa amewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa uongo mdogo kuliko huo. Angeweza kusema kwamba amesoma vibaya, na miwani ingekubali lawama. Lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye ule mstari wa kijitabu, akakiona, akachoka.

"Haijakataa," alisema. "Imenakili vizuri. Ulisema nipeleke disketi nyumba nyingine, kwa mtu wangu. Nimefikiria wiki tatu. Sina nyumba nyingine, Tumu."

Tumu alimwacha amalize. Kisha akasema, "Tuna kabati la chuma hapa dukani. Zilete."

Safari ya kutoka Sultan Hamud mpaka Kitui, kupitia Machakos, ilimtoa nyumbani alfajiri ikamfikisha saa sita. Duka lilikuwa nyuma ya msikiti, chumba chembamba chenye kompyuta tatu na foleni ya watu waliotaka kuchapiwa barua za kuomba kazi. Nzilani alitafuta kwa macho mwanamke mtu mzima mwenye ile sauti nzito. Aliyeinuka nyuma ya meza alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, amevaa buibui, penseli sikioni.

"Mwalimu?"

"Wewe ndiye Tumu?" Nzilani alisema. "Mimi nilidhani wewe ni mama mzima."

"Wengi hudhani hivyo." Alimpa mkono, akamwomba mtu mmoja ampishe kiti, akaagiza chai kibanda cha jirani. Lakini foleni haikungoja. Kila walipoanza kuzungumza mtu aliingiza karatasi katikati, na Tumu akaomba radhi, akachapa, akarudi, wakawa wamesahau walikuwa wapi. Kwenye simu walikuwa wakizungumza vizuri zaidi. Nzilani alimaliza chai yake akimtazama anavyochapa haraka, bila kuangalia vidole.

Mwishowe Tumu alipata nafasi. Akazipokea disketi, akaifungua leso, akazikagua moja moja kwenye mashine yake kuhakikisha zinasomeka. Majina arobaini na matatu yakapanda kwenye kioo. Hakufungua hata moja. Alizitia kwenye kikasha cha plastiki, akachukua daftari la vitu vinavyowekwa na watu, akaandika: tarehe, jina, disketi mbili.

"Hapa tunaandika mtu wa kupewa," alisema, "kama mwenyewe hatakuja kuzichukua."

Nzilani aliitazama ile nafasi. Aliwaza kulitaja jina la Muli, lakini Tumu angetaka na anwani, na anwani hakuwa nayo. Nyuma yake mtu alikohoa, akibadilisha bahasha mkononi.

"Hapo acha wazi kwanza," alisema.

Tumu alichora mstari mwepesi kwa penseli, mstari wa kufutika. "Sawa. Disketi hizi zitachakaa, na wewe utakuwa umeandika mengine. Mwezi ujao uniletee mpya, tuzibadilishe. Njoo siku ya Jumatatu, Jumatatu hapana watu."

Nzilani hakuwa amefikiri kwamba kungekuwa na mwezi ujao. Alikunja leso yake tupu, akaitia mkobani, akampisha yule mwenye bahasha.