Bima ya Mto Vranska

Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Nevyana Kaleva alibandika tangazo lake la kwanza kwenye ubao ulio mbele ya duka la mikate, kati ya tanzia ya fundi saa na tanzia ya mwanamke aliyetimiza miezi sita tangu afariki. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi. Watu wa mji wa Vransko magazeti waliacha kuyanunua zamani, lakini tanzia huzisoma zote, kila asubuhi, kuanzia jina hadi saa ya mazishi, huku mkate wa moto ukiwachoma kwapani.

Nevyana alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na shahada ya utalii aliyoipata mjini Plovdiv. Alikuwa pia na boti mbili za mpira za kuteremkia mtoni, alizoazimwa na muuzaji hadi katikati ya Mei, majaketi kumi na mawili ya kuelea, kofia ngumu kumi na mbili, na gari la mjomba wake Delyo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mji wenye mto mzuri kama Vranska hauna sababu ya kufa. Alichohitaji ni watu wajue, basi.

Matangazo yalichapwa na Pencho, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa hachapi kitu kingine ila tanzia. Ndiyo maana tangazo lilitoka na fremu nyeusi pembeni, na picha ya Nevyana akitabasamu katikati, amevaa kofia ngumu. Chini yake yaliandikwa maneno: "Njoo mtoni. Kila Jumamosi. Umri wowote, hali yoyote."

"Pencho, umeniua," Nevyana alimwambia.

"Nimekuua wapi? Fremu ni ile ile. Mashine yangu haina nyingine. Na shukuru, msalaba nimeutoa kwa mkono."

"Mama ameshaletewa pole na nyumba tatu!"

"Si unaona? Wamesoma. Hebu niambie tangazo la nani limewahi kusomwa hivyo."

Nevyana alilifikiria jambo hilo akaona Pencho ana hoja. Akabandika yote arobaini.

Jumamosi hiyo ilikuwa ile ya kuwakumbuka marehemu, ambapo familia huenda makaburini na ngano iliyochemshwa kwa sukari pamoja na divai. Saa nne wateja wa kwanza walifika kwenye gati la Nevyana. Walikuwa wanne, na wote walikuwa wamekufa. Walikuja kwa miguu kutoka makaburini, wakitafuna ngano. Mbele alikuwa fundi saa, katika suti aliyozikwa nayo, akiuliza kama viatu vya ngozi vinaruhusiwa. Nyuma yake walikuwa ndugu wawili wavuvi, Boyko na Tinko, na wa mwisho alikuwa Zhivka Topchieva, jirani wa zamani wa akina Nevyana, aliyefariki miaka saba iliyopita. Sketi ya Zhivka ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye pindo lake bila kukatika, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Shangazi Zhivka, nikupe jaketi la ukubwa gani?"

"La kati, mwanangu. Zamani nilikuwa navaa kubwa, ila nimepungua."

Mjomba Delyo alimvuta Nevyana pembeni. "Sasa hawa wanatulipa na nini?"

"Leo ni majaribio, mjomba. Watatusaidia kuujua mto."

"Sawa. Lakini kofia avae kila mtu. Sitaki kusikia habari za mtu kuumia kichwa."

Wakaingia majini. Wafu walipiga kasia vizuri, kwa pamoja na bila maneno mengi, isipokuwa fundi saa aliyekuwa akihesabu mapigo kwa sauti. Walipofika kwenye mwamba unaoitwa Tandiko, Zhivka aliinua mkono na Nevyana akaisogeza boti ukingoni.

"Hapa ndipo," Zhivka alisema. "Ilikuwa Agosti. Nilikuwa nafua mazulia, kama kila mwaka. Maji yalinifika kifundoni. Nikaligeuza zulia upande wa pili, yakawa kifuani."

"Sisi tulikuwa kwenye kona ya chini," alisema Boyko. "Tuliliona zulia likipita kabla ya Zhivka."

Juu ya Tandiko, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kulikuwa na bwawa la kituo cha umeme. Kituo kilikuwa kikifungua malango yake wakati wowote kilipotaka kupunguza maji. Nguzo ya king'ora ilikuwepo. King'ora chenyewe kilikuwa hakijawahi kufungwa juu yake. Karatasi za uchunguzi zilieleza kwamba Zhivka, Boyko na Tinko waliteleza.

"Watu watatu wateleze ndani ya saa moja?" Tinko alisema. "Hata kwenye barafu haitokei hiyo."

Nevyana alikuwa na miaka kumi na tisa mwaka huo, na alikuwa amekula kitunguu na mkate mazishini akiamini kwamba Shangazi Zhivka aliteleza.

Halmashauri ilikuwa imeahidi kibali kwa sharti moja, nalo ni hati ya bima. Siku ya ufunguzi ilikuwa Siku ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita Mei, ambayo mwaka huo iliangukia Jumamosi. Wafanyakazi kumi na sita wa kiwanda cha nguo walikuwa wameshaweka nafasi. Bila bima hakuna kibali, bila kibali boti zingerudi kwa mwenyewe, na Nevyana angekwenda kupokea simu katika hoteli ya ufukweni kama wenzake wote aliosoma nao. Lakini hakuwa na wasiwasi. Alijua mto wake na alijua vifaa vyake.

Wakala wa bima, bwana Anastas Gerov, alikuja Jumamosi ya pili ya Aprili na koti la mvua na begi la bega. Alikuwa mtu makini. Alivuta kila mkanda wa kila jaketi, akapuliza kila filimbi, akainusa gundi ya boti. Kisha akafungua daftari.

"Historia ya ajali mtoni?"

"Karatasi zinasema watu watatu, wote waliteleza."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema uwaulize wenyewe. Wale pale kwenye benchi."

Gerov aliwatazama, akafuta miwani, akaenda kukaa nao. Aliwahoji mmoja mmoja, akaandika majibu yao neno kwa neno. Ukurasa wa Zhivka ulilowa na wino ukakimbia, kwa hiyo akabadilisha, akatumia penseli. Katika miaka ishirini ya bima alikuwa ameshakutana na mashahidi wagumu kuliko hao.

"Mama, una hakika king'ora hakikulia?"

"Kijana wewe, nilikuwa nasikia mbwa wa kijiji cha pili akibweka. King'ora kingenipitaje?"

"Huenda ulikuwa unaimba."

"Nikifua siimbi. Nikifua natukana."

Gerov aliandika hilo pia.

Hati ilifika tarehe ishirini na tisa. Gerov aliileta mwenyewe, na mama yake Nevyana akamkaribisha supu ya maharage. Bima ililipia kuteguka, kuvunjika, radi, nyuki, na jino lililong'olewa na kasia la mwenzako. Kipengele cha kumi na moja kilisema kwamba bima haitalipia madhara yoyote ya maji yaliyofunguliwa na kituo cha umeme, kwa kuwa tukio la namna hiyo halijawahi kuthibitishwa.

"Lakini uliwaandika," Nevyana alisema. "Kurasa tisa."

"Niliwaandika, na ofisini walizisoma zote. Wamesema ushahidi ni mzuri. Ila shahidi lazima awe na kitambulisho kinachotumika. Cha mama Zhivka kiliisha muda miaka mitatu iliyopita."

"Kwa hiyo mnanikatia bima ya kila kitu, isipokuwa kile kinachoua."

Gerov aliweka kijiko chini. Alikuwa na binti wa umri wa Nevyana. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyo, binti yangu. Ukiweka sahihi, utafungua. Usipoweka, hutafungua. Kituo kitaendelea kufungua malango kwa vyovyote vile."

Nevyana aliichukua hati akaenda nayo gatini. Ilikuwa Jumamosi na wafu walikuwa wakipaka boti nta. Aliwasomea kipengele cha kumi na moja mara mbili, polepole, kwa sababu fundi saa alikuwa hasikii vizuri tangu akiwa hai.

"Siwezi kuchukua watu kumi na sita nikijua," alisema. "Siwezi kabisa."

Zhivka alikamua pindo la sketi yake. Maji yakaendelea kutiririka vile vile.

"Weka sahihi," alisema. "Hicho kimoja nitakishika mimi."

Nevyana akaweka sahihi.

Siku ya Mtakatifu Georgi palikuwa na jua. Mjomba Delyo aliwasha moto wa mwanakondoo tangu alfajiri, na watu wa kiwanda cha nguo wakafika wakiwa na chupa zao za pombe kali ya rakia, ambazo Nevyana alizichukua akazifungia ndani ya gari hadi jioni, bila kubembeleza. Zhivka alikuwa amesimama chini ya ukuta wa bwawa tangu kulipopambazuka. Boyko alikuwa kwenye kona ya juu na Tinko kwenye daraja.

Saa tano na dakika ishirini maji ya sketi ya Zhivka yalikatika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba. Aliliangalia pindo lake kavu, kisha akaanza kutukana. Alitukana kwa sauti yote aliyokuwa nayo, Boyko akayapokea matusi yale kwenye kona, Tinko akayapokea darajani, na yakamfikia Nevyana kule chini bila kupungua hata moja. Nevyana alizigeuza boti zote mbili. Alipohesabu watu ukingoni walikuwa kumi na sita, na kofia kumi na mbili, kwa sababu wanne walikuwa wakisubiri zamu yao karibu na nyama.

Kisha mto ukaja. Ulikuwa wa kahawia, ulibeba magogo na mlango wa banda la kuku, na ulipita kwenye Tandiko bila kuacha sehemu ya mwamba ionekane. Baada ya dakika arobaini ulishuka. Wageni walikula mwanakondoo wakiutazama. Walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi.

Waliporudi kwao walisimulia. Kufikia Juni Nevyana alikuwa na nafasi zilizojaa wiki tatu mbele, na muuzaji wa boti akakubali alipwe kidogo kidogo. Mara sita majira hayo ya joto Zhivka alitukana, na mara sita boti zilikuwa nchi kavu maji yalipopita. Kituo cha umeme, kilipoulizwa, kilijibu kwamba siku hizo hakikufungua lango lolote.

Nevyana aliamini kwamba watu wakionyeshwa jambo watalirekebisha. Kwa hiyo mwezi Julai alipanda basi na Zhivka hadi makao makuu ya kituo. Mfanyakazi wa mapokezi alileta ndoo akaiweka chini ya kiti cha Zhivka, kwa heshima, wala hakumsumbua kwa maswali. Karani aliwasikiliza hadi mwisho. Akaeleza kwamba malalamiko kuhusu kifo hupokelewa ndani ya siku sitini, na kwamba hata ndani ya siku hizo marehemu hawezi kulalamika mwenyewe, kwa kuwa yeye ni mhusika. Akawashukuru kwa kuja. Zhivka alimshukuru kwa ndoo.

Septemba kituo kilitoa taarifa yake ya mwaka. Gerov alimtumia Nevyana nakala, pamoja na bima ya mwaka unaofuata, ambayo bei yake ilikuwa imepunguzwa. Kipengele cha kumi na moja kilikuwa mahali pake.

Nevyana aliisoma taarifa hiyo gatini, Zhivka akiwa ameketi karibu naye. Ilisema kwamba chini ya bwawa kuna mfumo wa tahadhari, unaofanya kazi bila hitilafu na bila gharama, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna tena haja ya kufunga king'ora.

Zhivka aliinama kuitazama karatasi.

"Wameniandika kwa jina?"

"Hapana, Shangazi. Wamekuandika 'mfumo'."

"Na lile la kuteleza?"

"Bado lipo. Wote watatu mliteleza."

Zhivka alitikisa sketi yake akasimama. Kwenye mbao alipokuwa amekaa palibaki dimbwi, nalo likaanza kupita katikati ya nyufa kurudi mtoni.

"Jumamosi mna watu wangapi?"

"Kumi na wanane. Kumi ni watoto wa shule."

"Basi nitawahi," alisema Zhivka, akashika njia ya ukingoni kuelekea bwawani.