Nafasi za Ng'ambo

Mwaka 2000, wanafunzi wa kidato cha sita walipomaliza mitihani, shule iliwaaga kwa soda na hotuba, wakarudi makwao. Mwalimu Hasna Ramadhani hakuwaaga. Kila Jumamosi asubuhi alikutana nao katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani pale mtaa wa Mwanga, katika mji wao wa kando ya ziwa, akawafundisha kitu ambacho hakimo kwenye mtaala: namna ya kuomba chuo. Mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia aombe wapi, mwenye Historia na Kiswahili aombe wapi. Nakala za vyeti zigongwe mhuri na nani. Ukiitwa kwenye usaili ukae vipi, ujibu vipi.

Alikuwa mwanamke wa Ujiji, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na hakuna kilichomuudhi kama mwanafunzi anayejibu huku anatazama viatu vyake.

"Inua uso. Sema jina lako. Sema unakwenda kusoma nini. Ukishindwa hapo, hata cheti chako hakitakusaidia."

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Saba walikuwa wenyeji, watoto wa Ujiji, Mwanga na Mwandiga. Watano walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, vijana waliovuka mpaka utotoni mwaka 1993 na sasa walikuwa na kibali cha kukaa mjini hadi wamalize shule. Walilala katika jengo la parokia moja. Muda wa vibali ulikuwa unakaribia kuisha, na baada ya hapo ni kurudi kambini kukaa.

Hao watano ndio waliomsumbua Hasna moyoni. Dismasi, mkubwa wao, alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu miaka miwili mfululizo. Waliandika kwenye vyuo vitatu. Viwili vilijibu kwamba raia wa kigeni hulipa ada kwa dola. Cha tatu hakikujibu. Martini, mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka kumi na minane na bado sauti yake ilikuwa haijatulia. Yeye alitaka uuguzi.

Basi Jumamosi moja akaja mgeni aliyejitambulisha kwa jina la Bwana Feliksi, Hasna akaona Mungu amesikia.

Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Alimwamkia Hasna kwa adabu, kisha akawageukia wale watano. "Amahoro," akawasalimu kwa lugha ya kwao, na wote wakamjibu kwa pamoja, wakakaa wima. Alieleza kwamba kuna wafadhili wa dini waliotenga nafasi za chuo ng'ambo ya ziwa kwa vijana wakimbizi. Ada hakuna, chakula kipo, malazi yapo. Angekuja wiki ijayo kuwafanyia usaili.

Wiki nzima Hasna aliwanoa. Aliwauliza maswali ya kila namna, akawakatiza, akawafokea, akawapongeza. Aliwanunulia bahasha za plastiki za kuwekea vyeti, kwa sababu safari ni ya majini.

Usaili ulifanyika mlemle chumbani, cherehani zikilia upande wa pili wa ukuta. Feliksi hakumkataza Hasna kukaa pembeni. Dismasi aliingia wa kwanza, akatoa bahasha yake. Feliksi aliipokea akaiweka mezani bila kuifungua.

"Ulivuka kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Sikumbuki. Tulilala msituni mara nyingi."

"Unajua kuogelea?"

"Ndiyo."

"Baba yako?"

"Walimuua nyumbani."

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Ukikutana nao leo utawatambua?"

Hasna alijikuta amesimama. Feliksi alimtazama kwa upole mpaka akakaa tena.

"Swali la mwisho," Feliksi akasema. "Usiporudi likizo, nani atakutafuta?"

"Hakuna."

Hapo ndipo Feliksi alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Wote watano waliulizwa hayohayo. Hakuna aliyeulizwa alama zake wala anachotaka kusoma. Na wote watano walipata nafasi.

Vijana walipotoka, Hasna alifunga mlango. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba na wao wana haki ya kukiuliza chuo maswali, akaona ni zamu yake.

"Bwana Feliksi, muhula unaanza lini?"

"Wakifika."

"Chuo kiko mji gani?"

"Ng'ambo, Mwalimu. Miji ya kule huijui."

"Wa mwaka jana walikwenda wangapi? Nipe mmoja niongee naye."

Feliksi alichukua kofia yake mezani, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Nimesikia mumeo ni fundi mzuri wa mashine za boti," akasema. "Pale Kibirizi. Ana bahati, kazi ya mikono haimtupi mtu. Na Ikram, nadhani yuko darasa la tatu? Mtoto mchangamfu. Ila mwambieni asipite njia ya ufukweni akitoka madrasa. Pale kuna upweke."

Akaaga kwa adabu ileile aliyokuja nayo. Hasna alibaki ameshika kitasa cha mlango. Hakuwahi kumtajia mtu huyo mume wala mtoto.

Alasiri alimsimulia mumewe, Khalfani, ambaye alisikiliza huku ananawa oili mikononi. Kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyopunguza kunawa, mwisho akaacha kabisa.

"Mtu wa shati jeupe? Anaongea taratibu?"

"Huyohuyo. Unamjua?"

"Mama Ikram, juzi nimemtengenezea mashine mbili kule Ilagala. Ndani ya boti kulikuwa na magunia. Nikasogeza moja nipate pa kukaa, likafunguka. Mabuti ya mpira, mapya, yamejaa. Nikamuuliza, hii biashara? Akasema ni sare za wanafunzi." Khalfani alikausha mikono kwenye suruali. "Daftari sikuona hata moja."

Jumatatu Hasna alikwenda kwenye ofisi aliyoona inahusika. Aliyempokea hakuandika chochote. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kwa muda, akauliza jambo moja tu: "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu," Hasna akadanganya.

"Basi iwe hivyo. Hao watu wana vita yao, Mwalimu. Wewe una watoto wa kufundisha."

Jua la nje lilikuwa kali, watu wanauza na kununua kama kawaida, lakini Hasna alipita kila duka akihisi kuna mtu anamhesabia hatua. Siku hiyo alimfuata Ikram madrasa mwenyewe.

Jumamosi aliwaeleza wale vijana bila kuzunguka. Hakuna chuo. Mnapelekwa vitani. Martini alifungua mdomo, akawatazama wenzake. Wenzake wakainama. Dismasi peke yake ndiye aliyebaki ameinua uso.

"Mwalimu, tunajua," akasema.

"Mnajua?"

"Mtu akikuuliza kama utawatambua waliomuua baba yako, anataka kukufundisha udaktari?" Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Tulijua siku ileile. Martini tu ndiye hakujua, na sisi hatukumwambia."

"Dismasi, wewe una kichwa cha—"

"Nina kichwa, ndiyo. Vyuo vitatu vimekiona. Mwezi ujao kibali kinaisha. Nitarudi kambini kupanga foleni ya mahindi mpaka nizeeke. Umetuhangaikia sana, mama. Lakini katika wote tuliowaandikia, ni huyu mmoja tu aliyesema anatutaka."

Hasna, mwalimu wa miaka kumi na saba kazini, alianza kuzikusanya barua za vyuo mezani.

Siku ya kuondoka Khalfani aliijua kwa wavuvi. Alitaka kukaa kimya, kisha akashindwa. "Nikupeleke kwa boti," akamwambia mkewe, "lakini tukifika, mimi sizimi mashine."

Walifika Ilagala saa nne asubuhi. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wanawake wakiwageuza, watoto wakikimbiza kunguru. Boti kubwa ilikuwa imesogezwa kando, karibu na mahali ambapo maji ya Malagarasi huingia ziwani na kulitia rangi ya udongo. Vijana walikuwa zaidi ya ishirini, wengi Hasna hakuwahi kuwaona. Walikuwa tayari wamevaa mabuti. Mtu mmoja kifua wazi alipita mbele yao na gunia tupu, kila kijana akitumbukiza vyeti vyake humo.

"Tutawatunzia," Feliksi alikuwa akisema. "Msije mkavilowesha."

Alimwona Hasna akishuka, wala hakushtuka. "Karibu, Mwalimu. Waage. Walikupenda."

Hasna akamwendea Martini, akasimama mbele yake kama wanavyosimama kule Mwanga.

"Inua uso. Jina lako?"

"Martini Nkurikiye."

"Unakwenda kusoma nini?"

Martini alifungua mdomo. "Ninakwenda kusoma…" Akaanza tena. "Ninakwenda…" Machozi yakaanza kumtiririka naye hana habari nayo. Hasna akamshika mkono, akaanza kutembea naye kuelekea majini. Yule mtu wa kifua wazi akaja akawazibia njia. Alinuka jasho na samaki. Nyuma yake mashine ya Khalfani ilikuwa inanguruma palepale ilipo.

"Mwache," Feliksi akasema. "Huyu angetulilia njia nzima."

Mtu yule akasogea. Hasna alimpandisha Martini ndani ya boti ya Khalfani, kisha akageuka. Dismasi alikuwa wa mwisho kwenye mstari, bahasha bado mkononi.

"Na wewe?" Hasna akamuuliza. "Unakwenda kusoma nini?"

Dismasi alisimama wima, mabega sawa, akamtazama machoni, kama alivyomfundisha.

"Naitwa Dismasi Ndayishimiye," akasema. "Ninakwenda nyumbani."

Akaitumbukiza bahasha ndani ya gunia.

Martini aliishi kwa Hasna, Ujiji, katika chumba cha uani, na hakutoka nje mchana. Mara mbili watu walipita kwa fundi cherehani kumuulizia. Kisha asubuhi moja Khalfani alipokwenda kufungua karakana yake Kibirizi, alikuta jozi ya mabuti mapya imewekwa mlangoni, yamepangwa vizuri, ncha zikielekea ziwani. Aliyapima kwa shibiri. Yalikuwa ya miguu ya Martini. Akayatupa majini, na siku hiyo hakufanya kazi.

Hasna aliandika kila mahali alipopajua. Mwishowe masista wa chuo kimoja cha uuguzi, mkoa wa mbali, walikubali kumpokea Martini na kumhangaikia kibali. Alipanda treni akiwa amevaa kanzu ya Khalfani na kofia, Ikram amemshika mkono hadi mlango wa behewa, kama anayemsindikiza kaka yake. Alifika salama. Baadaye aliandika kwamba amejifunza kuchoma sindano na kwamba usiku anaota maji.

Habari za wale wanne zilikuja vipande vipande, kwa watu waliovuka. Wawili walikufa kabla mwaka haujaisha, milimani, katika wiki moja. Mmoja alionekana hospitali ya ng'ambo bila mguu. Habari za Dismasi hazikuja, na Hasna aliacha kuuliza alipoona kwamba wanaoulizwa humtazama sana kabla ya kujibu.

Mwaka uliofuata alifungua tena madarasa ya Jumamosi. Khalfani alimsihi asifungue. Hasna akamuuliza, nisipowafundisha mimi, atawafundisha nani? Wote wawili walimjua huyo.

Siku ya kwanza alikuta chumba kimejaa hadi uani. Wenyeji walikuwa walewale wachache. Waliobaki walikuwa vijana wa kambini, wengine hawajamaliza hata kidato cha pili. Mama mmoja aliyeitwa Marcelina alipenya katikati yao akiwashika wanawe wawili mikono. Alikuwa na vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea hawa."

"Marahaba. Wanataka kuomba kozi gani?"

"Mimi sijui kozi, Mwalimu. Kule kambini wanasema ukisoma kwa Mwalimu Hasna unapata nafasi ya ng'ambo. Wanasema mwaka jana wote walichukuliwa."

Cherehani ziliendelea kulia nyuma ya ukuta. Hasna alimvuta yule mama pembeni, akamweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kupunguza: mabuti, gunia, milima, mguu. Marcelina alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza kusikiliza, akamgeukia mwanawe mdogo, akamfungia kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akamsukuma taratibu kuelekea kwa mwalimu.

"Huyu nakuachia," akasema. "Mkubwa ameshazungumza na yule bwana."

"Bwana yupi?"

"Yule aliyetuonyesha njia ya kuja kwako. Mpole sana. Ametubebea na mzigo." Akanyoosha shingo kutazama juu ya vichwa vya vijana, hadi mlangoni. "Yuko hapo nje. Amesema leo ukimaliza somo, yeye ndiye atakayeuliza maswali."

Hasna aliiweka chaki juu ya meza. Vijana wakampisha njia, mmoja mmoja, naye akatoka nje kwenye jua.