Kiti cha Udhu

Tindo liliteleza, likamchuna kiganja, na damu ikadondokea maji ya kijani yaliyosalia kwenye sakafu ya bwawa. Nyundo, kama fundi huyo alivyoitwa, hakuitazama. Alikuwa ameinua kichwa, akisikiliza. Nyuma ya ukuta, chini bondeni, mngurumo ulikuwa umeanza tena.

"Lile ni tingatinga," alisema.

"Ni jenereta," alijibu mwenzake, ambaye kwa ufupi wake watu walimwita Mrefu. "Wewe tangu asubuhi hata mbu akipita unasema tingatinga. Toboa, bwana."

Kutoboa ndiyo iliyokuwa kazi. Bwawa lile la kuogelea lilikuwa kuukuu, limepasuka ubavuni na kugeuka makazi ya vyura, na Mheshimiwa mwenye nyumba alikuwa ameamuru lifukiwe ili pawe maegesho ya magari. Lakini bwawa halifukiwi hivi hivi. Kwanza hubanduliwa vigae, kisha sakafu hutobolewa matundu ili maji ya mvua yapate njia ya kuzama. Ndipo kifusi kimwagwe na kushindiliwa, tabaka juu ya tabaka. Asiyetoboa hufukia maji pamoja na mawe, na siku moja ardhi hutitia.

Vigae walikwisha kuvibandua. Vilivyovunjika vilitupwa nje ya geti, na Nyundo alivikusanya katika mfuko wa saruji, akavichukua hadi bondeni, akamjengea mama yake kiti cha kutawadhia kando ya mlango, kwa kuwa magoti ya mama yalikuwa hayakunjiki tena. Kiti kilikuwa kifupi, cha zege, chenye mfereji mwembamba wa kupitishia maji, na juu yake vigae vya buluu. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alikipapasa kwa vidole.

"Rangi gani, mwanangu?"

"Buluu, mama."

"Basi nimekuwa tajiri," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Hakuiona alama nyekundu ya bomoabomoa iliyopigwa ukutani, juu ya kichwa chake. Kila nyumba ya bondeni ilipigwa alama hiyo, na amri ilitoka katika ofisi ya Mheshimiwa. Nyundo alikwenda kumwangukia, na Mheshimiwa akamwambia, "Nyumba yako haitaguswa mpaka unimalizie bwawa. Nimeshasema. Ila ukiniachia kazi katikati, usinijue tena."

Sasa adhuhuri ilikuwa imepita na mngurumo umezidi. Nyundo alimpigia simu jirani, hakupatikana. Akapiga tena. Akatia simu mfukoni, akaitoa, akapiga mara nyingine, kisha akapanda ngazi.

Mheshimiwa alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado kidogo, mzee. Naomba ruhusa nikamwangalie mama mara moja. Nasikia mashine huko chini."

"Mashine ziko upande wa pili wa bonde. Au huniamini?"

"Nakuamini, mzee."

"Sasa shida iko wapi?"

"Moyo tu hautulii."

"Moyo wako sikuuajiri mimi. Nimekuajiri wewe." Akapuliza chai yake. "Geti liko wazi, hakuna aliyekufunga kamba. Ila ukilivuka, na ile ahadi umeivuka."

Nyundo alilitazama geti. Lilikuwa wazi kweli. Kutoka pale hadi bondeni, mtu akikimbia, haikuwa safari. Alisimama, mguu mmoja mbele, jasho likimchuruzika mgongoni, akasimama mpaka Mheshimiwa akaacha kumtazama. Kisha akarudi bwawani.

"Kasemaje?" aliuliza Mrefu.

"Kasema ziko upande wa pili."

"Si nilikwambia?" Lakini Mrefu naye sasa alikuwa ameacha kugonga.

Nyundo aliinamia tundu la mwisho, akapiga mfululizo kama mwenye ugomvi nalo. Lilipopenya, maji ya kijani yalizunguka, yakagugumia, yakazama. Juu, lori likaingia kinyumenyume.

"Tokeni humo!" dereva alipiga kelele.

Walipanda. Kifusi kikaporomoka: matofali, mabati yaliyokunjamana, fremu ya dirisha, kiatu kimoja. Vumbi lilipotulia, katikati ya lundo palionekana kitu cha buluu.

Nyundo aliruka chini bila kuigusa ngazi.

"Kifusi hiki mmekitoa wapi?" Mrefu alimwuliza dereva.

"Bondeni. Wapi tena? Karibu, na ni cha bure."

"Wenyewe je?"

"Wamejaa barabarani na magodoro yao."

"Kuna bibi mmoja, haoni vizuri, magoti yake—"

"Kaka, mimi napakia mawe. Watu siwapakii."

Mheshimiwa alikuja ukingoni na kikombe chake, akachungulia chini.

"Vile si vigae vyangu?"

"Vilikuwa vimetupwa, Mheshimiwa," alisema Mrefu.

"Kwangu hakitupwi kitu bila mimi kujua."

"Mheshimiwa," Nyundo aliita kutoka shimoni, na sauti yake ikagonga kuta tupu. "Uliniahidi."

"Bwawa linataka kifusi. Ulidhani kitashuka kutoka mbinguni?" Mheshimiwa alimwaga masalio ya chai yake ukingoni. "Haya, vigae vimerudi vyenyewe, kesi imekwisha. Shindilieni. Lori la pili linakuja."

Nyundo alipiga magoti juu ya mawe. Kiti kilikuwa kimelala ubavu, kona moja imevunjika, kimeubana chini yake mkono wa birika la plastiki. Birika lenyewe halikuwapo. Aliweka kiganja juu ya vigae. Vilikuwa vikavu, vya moto kwa jua. Akaingiza vidole ndani ya mfereji, pale jua lisipofika.

Mlikuwa bado na unyevu wa udhu wa adhuhuri.

Getini, honi ya lori la pili ikalia.